Kidole Kabla ya Kisu

Hebu weka vidole viwili kando ya koo lako, chini kidogo ya taya. Bonyeza polepole. Unasikia inavyogonga? Huo ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni hadi kwenye ubongo, na madaktari huuita ateri ya karotidi. Kando yake kuna mshipa mwingine, mpana na laini, unaorudisha damu moyoni: vena kuu ya shingo. Katikati kuna bomba la hewa, nyuma yake bomba la chakula, na nyuma zaidi uti wa mgongo. Vitu vyote ambavyo huwezi kuishi bila, vimepitishwa kwenye njia moja nyembamba. Kifua kina mbavu, ubongo una fuvu. Shingo ina ngozi na misuli kiasi, basi.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ateri ya shingo ikikatika wazi, hakuna cha kuhesabu saa. Unahesabu dakika. Sasa chukua dakika hizo uende nazo Mutha au Tseikuru, kule Kitui inakoelekea Tana River, ambako kungoja gari ni kazi ya nusu siku. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma historia ya jeraha hili. Mimi si daktari, na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba historia hii si ya madaktari peke yao. Sehemu kubwa ni ya yule mtu aliyesimama karibu wakati damu ilipoanza kutoka.

Tuanze na mshale, maana huku kwetu huwezi kuuruka.

Mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya Ukambani. Kutoka huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka wa 1851, wakatoka pamoja kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa njiani, na Kivoi akauawa. Huyo alikuwa mtu tajiri, mwenye wafuasi wengi na jina linalojulikana hadi Pwani. Hata hivyo, aliyejeruhiwa porini siku zile, awe tajiri au maskini, alikuwa na kile tu walichonacho mikononi waliokuwa naye.

Silaha ya Ukambani ilikuwa uta. Mtafiti Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mwaka wa 1920, na mambo ya mishale na sumu yamo humo. Mshale wenyewe ni kazi ya ufundi hasa. Mti wake ni mwepesi. Mbele kuna kipande kifupi chenye kigumba cha chuma, na kipande hicho kinaweza kuchomoka: mti unaanguka, kigumba kinabaki ndani ya nyama. Kigumba kina vijino vinavyotazama nyuma, kama ndoana ya samaki. Kinaingia kirahisi. Kutoka, hapana.

Halafu kuna sumu. Hutoka kwa mti wa jamii ya Acokanthera, ule ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Vipande vya mti huchemshwa kwa saa nyingi mpaka kubaki kitu cheusi kama lami. Hupakwa nyuma ya kigumba, kisha huviringwa ukanda wa ngozi ili isikauke na isimguse mwenye mshale. Mwaka wa 1888 Mfaransa aitwaye Arnaud alitenga kemikali iliyomo ndani yake, ikaitwa ouabain, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo. Kazi yake ni kuvuruga moyo. Kumbe kwa kipimo kidogo sana madaktari wa Ulaya waliitumia kuwatibu wenye moyo dhaifu! Kitu kile kile kilichomwangusha ndovu Tsavo kiliingizwa kwa sindano mkononi mwa mgonjwa Paris.

Mshale wenye sumu hauhitaji kugonga mshipa mkubwa. Popote unapoingia, sumu itaufuata moyo. Ndiyo maana hata leo mtu aliyechomwa mshale, hata kama kidonda ni kidogo, anapaswa kufika hospitali na moyo wake uangaliwe. Ila mshale wa shingo una tatizo la pili, na ni la kimakanika kabisa: vile vijino. Ukiuvuta, vinapasua kila kilichokuwa kizima njiani. Daktari wa jeshi la Marekani, Joseph Bill, aliyetibu askari waliochomwa mishale katika vita na wenyeji wa nchi ile, aliliandika jambo hilo mwaka wa 1862: ukivuta mti, kigumba kinabaki ndani. Na kuna jambo lingine. Chuma kilichokwama mara nyingi ndicho kilichoziba tundu la mshipa. Ukikitoa, umefungua mfereji.

Watu wa eneo hili walikuwa wanaijua mishipa ya shingo vizuri sana, ila si kwa njia ya hospitali. Vuka mpaka wa Makueni uingie Kajiado. Wafugaji wa Kimaasai wamekuwa wakitoa damu ya ng'ombe shingoni kwa vizazi na vizazi bila kumuua. Wanamfunga ukanda shingoni, vena inavimba, wanaupiga kwa mshale mfupi uliowekewa kizuizi nyuma ya ncha ili usizame. Damu inakingwa kwenye kibuyu. Ukanda unafunguliwa, kidonda kinazibwa, na ng'ombe anarudi kula nyasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukifikiria, hilo ni somo zima la tiba. Vena ina shinikizo dogo: ukiondoa kizuizi na kuziba tundu, inatulia. Kizuizi kwenye mshale kipo ili ncha isifike kwenye ateri, maana ateri haitulii. Ateri inasukumwa na moyo wenyewe, na kila pigo linarusha damu. Mfugaji asiyeona darasa hata siku moja alijua tofauti hiyo kwa mkono wake.

Na tusidanganyane kwamba upasuaji uliletwa huku na meli. Wapasuaji wa Abagusii walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wakikwangua mfupa polepole, na wagonjwa wengi wakapona. Mwaka wa 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia Bunyoro mama akifanyiwa upasuaji wa kujifungua: mvinyo wa ndizi ulitumika kumtuliza na kumsafisha, na sehemu zilizotoa damu ziliguswa kwa chuma cha moto. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo. Lakini angalia: fuvu linakupa muda, na tumbo pia, kiasi. Mpasuaji anaweza kuitwa kutoka kijiji cha tatu. Shingo haimngoji mtu atoke kijiji cha tatu.

Ulaya nako shingo iliwashinda kwa karne nyingi. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, anatajwa kuwa wa kwanza kuacha rekodi ya kufunga kwa uzi mishipa mikubwa ya shingo ya askari aliyejeruhiwa, mwaka wa 1552. Askari aliishi, lakini alipoteza usemi na upande mmoja wa mwili ukapooza, kwa sababu ukifunga njia ya damu ya ubongo, ubongo unakulipisha. Ilipita miaka 250. Mwaka wa 1803, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Tonnant, daktari David Fleming alifunga ateri ya karotidi ya mtumishi aliyekuwa akivuja damu shingoni, na mtu huyo akapona. Alifanya hivyo melini, baharini. Lakini daktari alikuwa hatua chache tu kutoka kwa mgonjwa, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya siri ya mafanikio yake.

Vita vikaleta namba. Makadirio yanayonukuliwa sana ni kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa watu 11 kati ya kila 100 waliotibiwa majeraha ya shingo, na katika Vita vya Pili 7 kati ya 100. Zinaonekana namba nzuri hadi ukumbuke kitu kimoja: wanaohesabiwa ni wale waliofika kwa daktari. Aliyemalizika damu shambani hakuingia kwenye jedwali. Mwaka wa 1944 wanajeshi wa KAR, Wakamba wakiwa wengi miongoni mwao, walikuwa Burma kwenye misitu na matope, mbali na hospitali yoyote ya maana. Jeshi la Uingereza lilikuwa limeshajifunza jambo moja kutoka kwa vita vilivyotangulia: askari abebe bendeji yake mwenyewe mfukoni. Tiba ya kwanza isiwe kwa daktari, iwe kwa mwenye mwili na aliye karibu naye.

Baada ya vita, mabishano yakahamia kwenye kisu. Mwaka wa 1956 Fogelman na Stewart, wa hospitali ya Parkland mjini Dallas, walichapisha habari za wagonjwa 100 waliochomwa au kupigwa risasi shingoni. Kati ya waliofunguliwa mapema walikufa asilimia 6. Kati ya waliocheleweshwa au kuachwa, asilimia 35. Baada ya hapo sheria ikawa moja: jeraha likipita misuli ya juu, peleka thieta, fungua shingo, angalia.

Mwaka wa 1969 madaktari wa Chicago wakaigawa shingo mara tatu. Ifikirie kama jengo la orofa tatu. Ya chini inaanzia kwenye mfupa wa bega na kifua hadi chini ya kongoromeo. Ya kati inapanda hadi pembe ya taya. Ya juu ni kutoka hapo hadi kwenye kitako cha fuvu. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Orofa ya kati iko wazi: kidole kinaufikia mshipa na kuubana. Ya chini mishipa inajificha nyuma ya mfupa wa kifua, na ya juu inajificha nyuma ya taya. Huko ukibonyeza kwa nje, damu inaweza kuendelea tu kutoka ndani, na hata daktari mwenye kisu anahangaika kufika.

Sasa, jibu la tatizo hilo halikutoka Ulaya. Lilitoka Soweto.

Miaka ya 1980 na mapema miaka ya 1990, hospitali ya Baragwanath ilipokea majeraha ya visu kwa wingi ambao hospitali chache duniani zimewahi kuuona. Madaktari hawakuwa na vyumba vya upasuaji vya kutosha kumfungua kila mtu shingo. Ikabidi wafikirie upya. Kwanza wakaonyesha kwamba si kila jeraha la shingo linahitaji kisu: mtu ambaye havuji, havimbi, anapumua vizuri na hana dalili nyingine mbaya anaweza kuchunguzwa kwa makini na kuangaliwa kwa karibu. Pili, mwaka wa 1992, wakachapisha ujanja wa kumsaidia yule anayevuja kweli kweli: mpira wa mkojo.

Ndiyo, huo huo. Katheta ya Foley, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya kibofu, ina kipuli kidogo kwenye ncha. Wauguzi huiingiza, hujaza kipuli maji, na mpira haurudi nje. Madaktari wa Soweto wakauingiza mpira huo kwenye tundu la jeraha lenyewe, wakajaza kipuli maji taratibu mpaka damu ikasimama, wakaubana mpira ili damu isipitie ndani yake, wakashona ngozi kuuzunguka. Kipuli kinafanya kazi ya kidole, ila kinafika mahali ambapo kidole hakifiki, na hakichoki njiani. Madaktari wa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walichapisha matokeo yao mwaka wa 2006: kwa wagonjwa wengi damu ilisimama, wakapata muda wa kufika kwa upasuaji uliopangwa vizuri. Leo mbinu hii inafundishwa sehemu nyingi za dunia.

Ninaipenda hadithi hii kwa sababu ya bei. Mpira wa mkojo haupatikani Nairobi tu. Uko kwenye wodi ya wazazi, uko kwenye hospitali ya misheni Mutomo, uko kwenye kituo chochote kinachojiheshimu Kitui na Makueni. Atakayekupokea huko usiku labda si daktari wa upasuaji. Ni tabibu, yule ambaye kijiji kizima humwita daktari. Akifundishwa ujanja huu, yeye ndiye anaweza kukununulia zile saa za kufika Kitui mjini, au Wote, au Kenyatta.

Kuhusu umbali, historia yetu ni ya kuupunguza pole pole. Mwaka wa 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni Amref, kwa sababu Afrika Mashariki ilikuwa na wapasuaji wachache na barabara mbovu. Barabara ya Kitui–Mutomo–Kibwezi, iliyokuwa vumbi miaka nenda miaka rudi, imepata lami juzi juzi tu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya dharura hiyo. Mwaka wa 2016 Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ikaanza mpango wake wa afya: wakati huo ilikuwa bob 500 kwa familia kwa mwaka, ukatibiwa kwenye hospitali za kaunti. Kitui nayo, chini ya Charity Ngilu, ikawa na bima yake.

Yote hayo ni ya maana. Lakini kadi ya bima, iwe ya kaunti au ya SHA, inaanza kazi mlangoni mwa hospitali. Jeraha la shingo linaamuliwa kabla ya mlango. Linaamuliwa Mombasa Road usiku, kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei, kioo cha mathree kikishavunjika. Linaamuliwa sokoni kwenye ugomvi wa panga, au malishoni Kitui mashariki, ambako migogoro ya wafugaji na wakulima imeendelea kumwaga damu kwa mishale na risasi hadi miaka hii. Na gari la wagonjwa mara nyingi ni boda.

Hebu tuiangalie hiyo boda. Majeruhi huwekwa katikati, mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, mtu wa tatu nyuma akimshika asianguke. Ameketi wima. Kama kilichokatika ni vena, hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui: mtu akiketi wima, vena iliyo wazi inaweza kuvuta hewa badala ya kutoa damu, na hewa ikifika moyoni inaua. Kwa hiyo kidonda kizibwe kabisa, pasiwe na mwanya. Kama kuna pikapu au probox, mlaze chali. Kama damu inamwingia kooni na kumkaba, mgeuze ubavu.

Mengine ambayo historia nzima hii imetufundisha ni machache. Usichomoe kisu wala mshale, kizuie kisitingishike. Weka kitambaa kisafi, au shati lako kama hakuna, kisha bonyeza kwa vidole pale hasa damu inapotokea. Bonyeza kwa nguvu, upande huo mmoja tu, bila kulikaba koo la hewa. Usifunge kamba kuzunguka shingo, kwa sababu utamnyonga. Usiinue kitambaa kuchungulia kama imeacha. Kikilowa, ongeza kingine juu. Na usitoe mkono. Mkono wako ukichoka, mwingine aweke wake kwanza ndipo utoe wako.

Nikiwa na uwezo wa kuamua kitu kimoja Kitui na Makueni, nisingeanza na mashine. Ningeanza na steji za boda. Kila steji ina mwenyekiti, ina kitabu cha michango, ina vijana wanaokaa pamoja siku nzima wakingoja abiria. Saa moja ya mafunzo na muuguzi wa zahanati ya karibu inatosha kuwafundisha jinsi ya kubonyeza. Muuguzi huyo naye apate siku yake moja ya kufundishwa ule mpira. Vifaa tayari viko kwenye kabati, na vidole kila mtu anavyo.

Kwa sababu ukiirudia historia yote hii, kuanzia melini hadi Soweto, kisu hakikuwahi kumwokoa mtu ambaye damu yake ilikwisha njiani. Kila aliyefika kwa daktari akiwa hai, aliletwa na jeraha lililozibwa kwa njia fulani: kwa bahati, kwa chuma kilichokwama, au kwa mkono. Kwenye boda ya kutoka Mutha, mkono huo ni wa yule mtu wa tatu, aliyeketi nyuma.